Ziwa Chad halijakufa, na mito yetu si bidoni ya kulijaza

Maneno yaliyosemwa Kisangani mbele ya wanamemba na wageni. Tumeyaandika tena kwa wale hawakuweza kufika.

Makamarade, wamama na wababa mliokuja, na ninyi vijana wa toleka mlioacha kazi saa nzima juu ya kutusikiliza: asanteni.

Tunaanza na deni. Miezi iliyopita tuliweka kwenye page yetu picha mbili za Ziwa Chad. Ya kwanza ni ya mwaka 1963, bluu imejaa. Ya pili ni alama ndogo ya bluu, kama mtu amemwaga wino kidogo. Chini yake tukaandika kwamba ziwa limekufa, na kesho ni zamu ya mto Kongo. Mliipenda, mkaipartaje mpaka ikarudi kwetu kutoka kwa watu hatuwajui. Halafu mmoja wenu akauliza swali fupi sana: «Na ya mwaka huu iko wapi?»

Hatukuwa nayo. Tukaenda kutafuta. Wengi wetu tuko na diplome na hatuna kazi, kwa hiyo muda wa kusoma hautukosi. Tulichokikuta kimetupatia haya kidogo: tulikuwa tumekosea, na tena tumekosea kwa namna inayowafaa watu fulani wenye wanataka kuchukua maji ya nchi hii. Ndiyo maneno ya leo.

Kwanza tuelewane ziwa lenyewe ni la namna gani. Sisi hapa tumezoea maziwa yenye mlango. Kivu inatoka kwa Ruzizi, Ruzizi inaingia Tanganyika, Tanganyika inatoka kwa Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, na Lualaba njo hii inapita hapa mbele yetu, kwa Wagenia. Tone la mvua lililoanguka Goma linaweza siku moja kupiga mawe ya maporomoko yetu. Ziwa Chad halina mlango. Liko katikati ya nyika ya Sahel, mahali Chad, Niger, Nijeria na Kamerun zinakutana, na maji yakiingia hayaendi bahari. Sehemu kama tisa kwa kumi za maji ya mito yanayoingia zinaletwa na mto Chari pamoja na Logone, mito miwili inayokutana pale N'Djamena. Kutoka, maji yako na njia mbili tu: juu, yanachukuliwa na jua, na chini, yanaingia polepole ndani ya mchanga. Hiyo ya chini ni kidogo lakini iko na kazi kubwa, kwa sababu inaondoa chumvi. Njo maana ziwa lisilo na mlango liko na maji matamu, na magadi watu wanayachimba pembeni, upande wa kaskazini.

Sasa chukueni sinia na ndoo. Mimina maji kwenye vyote viwili, halafu toa glasi moja kwa kila kimoja. Kwenye ndoo hutaona kitu, ukingo wa maji uko palepale. Kwenye sinia maji yatarudi nyuma kama kiganja kizima. Tanganyika ni ndoo: mwaka 2021 na tena 2024 maji yalipanda yakaingia ndani ya nyumba za watu Uvira na Kalemie, mateso ya kweli, lakini ukiangalia ramani ya ziwa zima, sura yake haikubadilika, kwa sababu limefungwa katikati ya milima na kina chake kinapita metre 1,400. Ziwa Chad ni sinia. Hata siku zake za shibe, kina cha wastani kilikuwa kama metre nne. Na jua la kule linakula metre mbili hivi za maji kila mwaka. Chari ikifunga leo kabisa, kwa miaka michache tu ziwa lote litakuwa uwanja.

Tufanye hesabu, si ngumu. Miaka ya 1960 Chari ilikuwa inaleta kama kilometa za ujazo 40 kwa mwaka. Ongeza mito mingine midogo, ongeza mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe, unafika karibu 50. Ziwa lilikuwa na kilometa za mraba 25,000 hivi. Jua likitoa metre mbili juu ya kilometa 25,000, hiyo ni 50. Inaingia 50, inatoka 50. Ziwa lisilo na mlango linapanuka mpaka mahali ambapo jua linakula sawasawa na kile mito inaleta, halafu linasimama hapo. Mito ikileta kidogo, linarudi nyuma mpaka hesabu iwe sawa tena. Hakuna kipimo kimoja mtu anaweza kuonyesha na kusema «hiki ndicho ziwa la kweli».

Ukame ulikuja mara mbili kwa nguvu: 1972-73, halafu 1983-84. Hapa kuna jambo ambalo sisi hatukulijua. Mvua ikipungua kidogo, mto unapungua zaidi, kwa sababu ardhi kavu inakunywa kwanza na mto unapata masalio. Chari ikashuka mpaka karibu nusu ya ile ya zamani. Mwaka 1984 haikufikisha hata kilometa za ujazo 10. Na mto ukipungua nusu, ziwa lenyewe linapungua zaidi ya nusu, juu ya kitu kimoja kilicho chini ya maji: katikati ya ziwa kuko tuta la mchanga, wanaliita kwa Kifaransa Grande Barrière. Maji yakiwa mengi hulioni. Katikati ya miaka ya 1970 maji yalishuka, tuta likatokea, ziwa likakatika mara mbili. Chari inaingia upande wa kusini. Ili kaskazini ipate kitu, kusini lazima ijae kwanza, halafu maji yapite kwenye tuta, katikati ya majani na matete. Miaka mingi kaskazini haikupata hata tone, ikakauka yote. Picha ile ya kutisha ilizaliwa hapo.

Na mvua yenyewe ilikimbia kwa nini? Wakati ule wataalamu wengi waliwasingizia wafugaji: eti ng'ombe wao wamemaliza majani, eti wanakata miti, basi jangwa linashuka. Maskini ndiye alihukumiwa wa kwanza, kama kawaida. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa baharini: joto la maji ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi lilibadilika, na mvua ya msimu haikupanda tena mpaka kule ilikuwa inafika.

Hatusemi mkono wa watu haupo. Nijeria ilijenga bwawa la Tiga mwaka 1974 kwenye maji yanayoelekea upande wa kaskazini wa ziwa. Kamerun ilijenga la Maga mwaka 1979 kwa ajili ya mashamba ya mpunga, na bonde la Logone lililokuwa linafurika kila mwaka likapoteza furiko lake. Wavuvi na wafugaji wa pale ndio walilipa. Kuhusu ni sehemu gani ya maji ya ziwa ilikwenda kwenye mashamba, wachunguzi wamebishana: kuna waliosema ni nyingi sana wakati wa miaka ya 1980, na wengine wakapata kidogo. Lakini ukitaka kuona ziwa lililouawa na watu kweli, angalia Aral, kule Asia ya Kati. Kule serikali ya Kisovyeti ilichukua mito yote miwili inayolisha ziwa ikaipeleka kwenye mashamba ya pamba, na mabwato yakabaki yamelala juu ya mchanga. Chari haikufanyiwa hivyo.

Kuna kisa kimoja tunakipenda, tena kinachekesha kwa uchungu. Miaka ya 1970 Nijeria ilianza proje kubwa ya umwagiliaji kando ya ziwa, South Chad Irrigation Project: hekta 67,000, mifereji ya sementi, mashine za kuvuta maji. Waliichora wakiangalia ziwa la miaka ya shibe. Mifereji ilipokuwa tayari, ziwa lilikuwa limekwenda. Mashine zikabaki zinaangalia mchanga. Kumbukeni proje hiyo, tutairudia.

Sasa lile swali: picha ya mwaka huu iko wapi?

Tangu miaka ya 1990 mvua imerudi kwa sehemu. Chari imepanda. Miaka mingi kaskazini inapata maji tena. Mwezi wa kumi 2022 Chari na Logone zilifurika, kartie nyingi za N'Djamena zikaingia majini, na Leta ya Chad ikatangaza hali ya dharura. Ziwa eti limekufa, na mji mkuu wake unazama! Wale wanaolifuatilia kwa satelaiti wameona kwamba kwa miaka ishirini na zaidi halipungui. Ni dogo kuliko la 1963, hiyo ni kweli kabisa. Lakini 1963 yenyewe ilikuwa kati ya miaka ya maji mengi sana ya karne ile. Sisi tulichukua mwaka wa shibe na kuupima na miaka ya njaa, halafu tukachora mstari kwenda kaburini.

Na kuna ujanja mwingine wa picha, huu hatukuujua kabisa. Picha nyingi zinahesabu maji ya wazi tu, yale yanayong'aa. Maji yaliyofunikwa na majani na matete hayaonekani. Ndiyo unasikia kilometa za mraba 1,500 au 2,000, wakati ukihesabu na maji ya chini ya majani unapata kilometa nyingi zaidi, miaka mingine mpaka 14,000 hivi. Mvuvi anayepitisha pirogi yake katikati ya matete anajua yuko juu ya ziwa. Ni sisi wenye telefone ndio hatukujua.

Watu wa kule hawashangai. Mfaransa mmoja wa jeshi, Jean Tilho, alipima ziwa mwanzoni mwa karne iliyopita akalikuta dogo, na ndiye aliyeandika juu ya Chad Kubwa, ya Kati na Ndogo. Kabla ya hapo, miaka maelfu nyuma, lilipita kilometa za mraba 300,000. Sakafu yake ya zamani, Bodélé, leo ni mahali upepo unaokota vumbi mpaka linavuka Atlantiki. Jambo hilo si la Chad peke yake. Kenya, maziwa ya Baringo na Naivasha, nayo hayana mto wa kutoka unaoonekana, yalipanda mwaka 2020 mpaka yakameza nyumba na shule.

Mtauliza: hii yote inahusu nini Kisangani?

Inahusu kwa sababu maneno «ziwa limekufa» yako na mteja. Tangu miaka ya 1970 na 1980, kampuni moja ya Italia, Bonifica, ilichora proje inaitwa Transaqua. Ni mfereji wa kilometa kama 2,400, unaanzia mashariki ya nchi yetu, unakusanya maji ya mito inayoingia upande wa kuume wa Lualaba na Kongo, unapita Jamhuri ya Afrika ya Kati mpaka unamwaga ndani ya Chari. Mwanzoni walitaka kilometa za ujazo 100 kwa mwaka, baadaye wakazungumza 50. Iko pia proje ndogo zaidi: bwawa pale Palambo, juu ya Bangui, na kuvuta maji ya Ubangi. Mwezi wa pili 2018 kulikuwa mkutano mkubwa Abuja. Rais Buhari wa Nijeria alisimama wazi upande wa kuhamisha maji, na kampuni ya China, PowerChina, ilikuwa imekwisha kuingia. Iko tume ya nchi za bonde la Ziwa Chad tangu 1964. Nchi yetu, yenye maji yanayotafutwa, si mwanachama kamili wa tume hiyo.

Wanaotetea wanasema: mto Kongo unapitisha kama metre za ujazo 40,000 kila sekunde, ukichukua kilometa za ujazo 50 kwa mwaka ni kama asilimia nne tu, Wakongomani hawatasikia. Hesabu yao ni sawa. Tumeirudia, inatoka vilevile. Shida ni mahali wanapoipigia. Asilimia nne ni ya mto ulio Kinshasa, umekwisha kukusanya maji ya nusu ya Afrika ya Kati. Lakini bomba haliwekwi Kinshasa. Linawekwa huku juu, kwenye mito kama Ulindi, Lowa, Lindi, Aruwimi, kwa maana upande wa kuume wa ramani ndiyo mito iliyopo. Mtu akichukua glasi moja kutoka pipa la jirani, sawa. Akichukua glasi hiyohiyo kutoka kikombe cha mtoto, mtoto analala na kiu. Sisi Waboyoma hatuhitaji profesa atufundishe hiyo. Wagenia wanasoma maji kwa macho: yakishuka kiasi hiki mitego inahama, yakishuka zaidi hakuna mitego. Na kila mtu hapa anajua taa za mji zinatoka kwa maporomoko ya Tshopo.

Halafu angalieni mvua. Chari inazaliwa wapi? Sehemu kubwa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, jirani kabisa na maji yanayoshuka Ubangi. Mgongo mmoja wa ardhi, huku maji yanaelekea Chad, huku yanaelekea kwetu. Ukame ulioangusha Chari uliiangusha Ubangi pia. Tangu wakati ule mabwato makubwa yanashindwa kufika Bangui miezi mingi ya mwaka, na wakati wa kiangazi Ubangi inaweza kushuka mpaka metre za ujazo mia chache kwa sekunde. Zile kilometa za ujazo 50, ukizigawa kwa mwaka mzima, ni kama metre 1,600 kila sekunde. Maana yake, siku Ziwa Chad litalia kiu kuliko siku zote, Ubangi nayo itakuwa inalia. Ni kuomba chumvi kwa jirani mnayenunua naye duka moja, siku duka limefungwa.

Na je, watu wa ziwa wanataka lirudi kama 1963? Hapa ndipo tulinyamaza wenyewe. Maji yaliporudi nyuma yaliacha udongo mweusi, wenye rutuba. Watu wakashuka, wakalima mahindi na kunde, wafugaji wakapata majani wakati wa kiangazi. Vijiji vimejengwa mahali palipokuwa maji. Jacques Lemoalle na Géraud Magrin, waliosimamia uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2014, walionyesha kwamba Chad Ndogo inalisha watu wengi, hata miji ya mbali. Ukilijaza ziwa tena, unazamisha mashamba hayo. Wale watu wameteseka na vita vya Boko Haram tangu 2009, na vita hivyo viko na mizizi yake: polisi anayeua bila hukumu, Leta isiyoonekana ila siku ya kodi. Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua wimbo huo. Kusema yote ni juu ya ziwa kukauka ni kuwapa wakubwa mahali pa kujificha.

Kwa hiyo hatuko kinyume na ndugu wa Chad, Niger, Kamerun na Nijeria. Tuko kinyume na kujenga mfereji wa miaka mia juu ya picha ya miaka kumi. Ile proje ya hekta 67,000 ilifanya hivyohivyo, na hiyo ilikuwa ndogo.

Tunachotaka kwa Leta yetu kinajulikana. Katiba, kifungu cha 9, inasema Leta iko na mamlaka ya kudumu juu ya udongo, chini ya udongo, maji na misitu. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya habari. Kuko sheria ya maji, nambari 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015. Basi karatasi zitoke. Kila barua, kila etidi, kila sahihi ambayo waziri yeyote ameweka juu ya Transaqua au juu ya Palambo, tuione, kwa Kifaransa na kwa lugha watu wanasema huku. Wadepite wa Tshopo watuambie kama wamewahi kuulizwa. CICOS, tume ya bonde la Kongo, Ubangi na Sangha, ofisi yake iko Kinshasa. Ije ituonyeshe vipimo vya mito hii ya huku, si vya mto mzima pale chini. Na watu wa kwanza kusikilizwa wawe wavuvi.

Ile picha hatukuifuta. Tumeandika chini yake kwamba tulikosea na kwa nini, na tumeweka nyingine ya karibuni pembeni, kila mtu alinganishe. Kuna makamarade waliosema tuifute kimyakimya, juu ya heshima ya mouvement. Tulibishana usiku mzima. Lakini tukiwadai wakubwa watoe karatasi zao, zetu hatuwezi kuzificha chini ya mkeka.

Barua kwa gavana na kwa wadepite imekwisha kuandikwa kwa Kifaransa. Ya Kiswahili na ya Lingala ziko mezani, bado tunasahihisha. Siku ya tano asubuhi tutashuka nazo kwa wazee wa Wagenia kabla hazijatumwa, na wakisema kitu hakikai sawa, tutakibadilisha. Mwenye kutaka kwenda na sisi aandike jina lake kwa kamarade aliyekaa karibu na mlango. Kalamu mlete wenyewe, ya kwetu imeisha wino.